Niliuhamisha Moyo wa Mzee

Niliwahi kuuhamisha moyo wa mtu, tena bila kisu.

Ilikuwa zamu ya usiku, nami tabibu mgeni kazini. Mzee mmoja aliletwa na kizunguzungu, nikampima umeme wa moyo: vibandiko 6 kifuani, waya 4 mikononi na miguuni. Waya mwekundu ni wa mkono wa kulia, wa njano ni wa kushoto. Mimi nikazipishanisha. Usingizi? Haraka? Sina cha kujitetea.

Umeme huo huanzia kwenye kifundo kidogo kilicho chemba ya juu ya kulia. Ukifika katikati husubiri kama sehemu ya kumi ya sekunde, chemba za juu zimalize kumimina damu, ndipo ushuke kwa fungu la His na kutawanywa na nyuzi za Purkinje. Kwa jumla, safari yake huelekea chini kushoto. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa karatasi, unaolinganisha mikono miwili, kwa kawaida huchora mawimbi yaliyosimama. Ya mzee yalining'inia kama popo.

Nikafurahi, na hapo ndipo penye aibu. Moyo uliokaa kulia nilikuwa nimeusoma vitabuni tu.

"Mzee, moyo wako uko upande wa kulia."

Akajishika kifua. "Miaka yote hii, mwanangu?"

Nikamwandikia rufaa. Alisafiri kwa basi kutwa nzima.

Daktari wa moyo alinipigia simu, wala hakunigombeza. Aliniuliza tu: mawimbi ya kifuani yakoje? Nikaitoa nakala. Kutoka kibandiko cha V1 kwenda cha V6 yalikuwa yakikua vizuri. Moyo ungekuwa kulia kweli, yangefifia kadiri vibandiko vinavyosogea kushoto. Jibu lilikuwa kwenye karatasi ileile. Wagonjwa wa Einthoven, mwanzilishi wa kipimo hiki, kule Leiden walitumbukiza mikono na mguu kwenye vyombo vya maji ya chumvi. Hata yeye angepishanisha vyombo vya mikono, angeona popo wangu.

Lakini kosa kubwa halikuwa la waya. Kifaa cha kusikilizia moyo kilikuwa shingoni mwangu usiku kucha, nami sikukiweka kifuani mwa mzee hata mara moja.

Aliporudi nilimwomba radhi, akanisamehe. Siku zote hizo alikuwa akilalia ubavu wa kushoto, asije akaubana moyo.