Meza ya Kubuni ina Viti vya Nani?

Weesp, Uholanzi. Kinachowaleta wageni hapa ni Hogeweyk, kijiji kilichofunguliwa mwaka 2009 kwa ajili ya wazee wenye dimenshia iliyokolea. Kuna duka, mkahawa, bustani, na mzee anatembea atakavyo ndani ya uzio. Ni pazuri, sikatai. Lakini wazo lilitoka kwa wahudumu waliojiuliza wangependa wao na wazazi wao watunzwe vipi. Wenye maradhi wameandaliwa chakula kizuri, jikoni hawakuitwa.

Cardiff, Wales. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff Metropolitan, wakiongozwa na Cathy Treadaway, walianza mradi uitwao LAUGH, wa kuwabunia vifaa wenye dimenshia iliyokolea. Mmoja wa wale waliowabunia vifaa alikuwa mama aliyezidiwa, na mhudumu wake akawaambia anachohitaji ni kukumbatiwa. Ndipo ikashonwa HUG: umbo laini kama mwanasesere, mikono yake mirefu na mizito. Ukilipakata, mikono ile inakuzunguka, kifuani moyo unadunda, na ndani unapigwa muziki uupendao. Mtu wa hali ile humpelekei dodoso. Unamtazama: amelikumbatia au amelisukuma? Mabega yamelegea? Majibu ni hayo, na mbunifu asiyekuwepo kuyaona atabaki kukisia.

Skotilandi. Paul Rodgers, profesa wa ubunifu, alishirikiana na shirika la Alzheimer Scotland kuwapa wenye dimenshia kazi ya kubuni tatani, kile kitambaa cha mirabaraba cha Waskoti. Walichagua wenyewe rangi na upana wa mistari, na mchoro mmoja ukafumwa kitambaa cha kuuzwa. Nchi hii ilishazoea kuwasikiliza: tangu 2002 ina Scottish Dementia Working Group, kundi la wenye maradhi wenyewe, ambalo James McKillop ni mmoja wa waasisi wake.

Je, Skotilandi imeishinda Cardiff? Sidhani. Anayechagua rangi bado ana maneno yake. Yule mama hakuwa nayo.

Kwetu, utafiti uliofanyika Hai, Kilimanjaro, ulikuta dimenshia kwa takribani watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi. Wengi hulelewa nyumbani, na viti vyao huchongwa na fundi wa mtaani. Basi fundi, ukipewa oda ya kiti cha bibi, omba bibi mwenyewe aje akikalie kabla hujapiga vanishi.