Hoja 24

Sisi mafrateri watatu husoma kila jioni karatasi moja ya Talmudi ya Babeli, katika tafsiri. Utaratibu si wetu: Rabi Meir Shapiro aliupendekeza mjini Vienna mwaka 1923, na Wayahudi wengi huufuata mpaka leo, karatasi 2,711 kwa takribani miaka saba na nusu.

Nyingi ni za sheria, kama watu wawili wanaogombania vazi lililookotwa. Nyingine zinachosha, tusifichane. Lakini katika Bava Metzia tulimkuta Rabi Yohanan, aliyefiwa na Resh Lakish, mwenzake wa masomo, baada ya kukosana naye. Aliletewa msomi mwingine, akawa anaunga mkono kila neno lake. Yohanan hakufarijika. Resh Lakish alikuwa akimpinga kwa hoja 24, naye humjibu kwa 24, na sheria ikaeleweka zaidi. Alimlilia mpaka akili zikamruka.

Nasi tulikuwa wanne. Mwenzetu aliyekuwa akitubishia kila mstari ameacha malezi tangu Pasaka. Siku hizi tunamaliza mapema, tunakubaliana, tunakwenda kulala. Juzi tulimwandikia maelezo yetu ya karatasi ile kwa simu. Jibu lake lilianza: “Hapana.”