Mlio wa Nyuma katika Barabara ya Masaka

Barabara itokayo Kampala kwenda Masaka ina urefu wa kilomita 130 hivi, na huanza katikati ya kelele za vyuma. Katwe, kitongoji kilicho kusini ya jiji, hakijui utulivu tangu jua lichomozapo. Hapo mabati hukunjwa yakawa majiko na masanduku ya wanafunzi, nondo huungwa zikawa milango na madirisha, na vipuri vya magari yaliyokufa hupewa uhai wa pili. Mbele kidogo ni Ndeeba, panaponukia mbao upande mmoja na girisi upande wa pili. Magari yameinuliwa juu ya magogo, na miguu ya watu yaonekana ikichomoza chini yake. Msafiri aliyeketi katika gari la abiria, akiwaza mambo ya nyumbani kwake, hupita mahali hapo bila kugeuza shingo, ingawa salama ya safari yake huenda iliamuliwa hapo jana yake.

Kwa mmoja wa mafundi wa Ndeeba, mzee ambaye oili imekwisha kuwa rangi ya mikono yake, ililetwa siku moja Toyota Hiace ya abiria 14, nyeupe, yenye mkanda wa miraba ya buluu kama sheria ya Uganda itakavyo. Magari ya namna hiyo Waganda huyaita kamunye, yaani mwewe, kwa jinsi yanavyowanyakua watu kando ya njia. Hilo lilikuwa na mlio upande wa nyuma. Lilipopita juu ya matuta madogo lilisema ko-ko-ko, kama mtu abishaye hodi kwa kijiti, na abiria wa kiti cha mwisho walikuwa wamekwisha kuchoka kulalamika.

Dereva hakuwa mwenye gari. Kila jioni alipaswa kumpelekea tajiri kiasi cha fedha walichopatana, gari liwe limejaa au limekwenda tupu, na kwa hiyo siku moja ya kulala gereji ilikuwa siku moja ya deni. Ndiyo sababu alikuwa ametafuta dawa ya haraka. Aliambiwa na wenzake kwamba mlio wa nyuma ni shokapu tu, hakuna kingine. Akaenda soko la Kiseka, ambako vipuri vya kila gari hupatikana, akanunua shokapu mbili zilizokwisha kutumika Japani. Mlio ukabaki. Akarudi, akanunua bushi za mpira. Mlio ukabaki vilevile. Fedha hizo mkewe alikuwa ameziweka kwa ajili ya karo ya watoto, na nyumbani jambo hilo lilikuwa limeanza kuzungumzwa kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko sauti ya juu.

Mzee hakushika spana. Aliuliza.

"Hulia gari likiwa tupu, au likiwa limejaa?"

"Likiwa tupu, mzee. Likijaa hunyamaza."

"Na ukikanyaga breki?"

Dereva alifikiri kidogo. Akasema kwamba akikanyaga breki husikika mgongo mmoja tu, ko! Akiondoa gari tena, husikika wa pili.

Wengi wangelipita juu ya jibu hilo, kumbe ndilo lililokuwa na habari yote. Shokapu iliyolegea hugonga gurudumu linapopanda na kushuka, nayo haijali sana kama gari lasimama au laondoka. Lakini kitu kigongacho mara moja gari lishikwapo, na mara moja tena liachiliwapo, ni kitu kinachosogea mbele na nyuma. Tena, kunyamaza kwa gari lililojaa si kupona. Uzito wa watu huvikandamiza vyuma pamoja visigongane, na ubovu hubaki palepale.

Hata hivyo, mzee hakutaka kuhukumu kwa maneno matupu. Kwanza aliondoa kila kitu kiwezacho kusingiziwa. Jeki na spana za chini ya kiti zilitolewa. Gurudumu la akiba, ambalo katika Hiace huning'inia chini ya mkia wa gari, lilishushwa. Bomba la moshi lilishikwa na kutikiswa, likaonekana thabiti. Kisha wakaingia barabarani, dereva kwenye usukani, mzee kwenye kiti cha mwisho, viatu amevua na nyayo ameziweka juu ya sakafu. Sikio ni shahidi adanganyikaye kwa urahisi ndani ya gari, kwa kuwa bodi yote ni bati moja na sauti husafiri nayo. Kinacholia kushoto huweza kusikika kulia. Nyayo hudanganyika kidogo zaidi.

Walipita Nateete, wakapita Busega mahali askari wa barabarani wenye sare nyeupe husimamisha magari, wakaendelea kupitia Kyengera na Nsangi hadi Mpambire. Hapo wanaishi wachonga ngoma mashuhuri, na ngoma za kila ukubwa hupangwa kando ya lami zikingojea wanunuzi. Wakati gari likigeuzwa, mzee alisimama akamtazama kijana mmoja akikaza ngozi, akiipiga kwa kidole, akiikaza tena upande uliokuwa mzito. Pengine alikuwa akipumzisha mgongo tu. Waliporudi Ndeeba alisema kwamba ni nyuma kulia, na kwamba si shokapu.

Mawe yaliwekwa mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, gari likainuliwa kwa jeki, na magogo mazito yakasimamishwa chini ya chesisi kabla ya mtu yeyote kuingia uvunguni. Jambo hili halina mjadala. Jeki ni ya kuinulia. Haikuumbwa kumlinda mtu aliyelala chini yake.

Askari aliyewahi kuendesha Landrover za zamani aijua springi ya namna hii, maana ndiyo iliyokuwa chini ya gari lake. Ni vyuma bapa vilivyopindwa kidogo na kulaliana, kirefu juu ya kifupi, vikashikwa pamoja kwa bolti moja ipitayo katikati. Kichwa cha bolti hiyo huingia katika tundu la kikalio cha ekseli, ili ekseli isiende mbele wala nyuma. Kisha bolti mbili zilizopindwa mfano wa herufi U huvibana vyote kwa nguvu. Kazi ya kubana ni ya hizo mbili. Bolti ya katikati ni ya kuonyesha mahali tu. Bolti za U zikilegea, ile ndogo hubebeshwa mzigo usio wake.

Mzee alifungua ncha ya chini ya kila shokapu, akaivuta na kuisukuma kwa mkono. Zote mbili zilikuwa na ukinzani wa kutosha, na dereva akatazama pembeni. Bushi zilijaribiwa kwa mtaimbo; hazikucheza. Kipande cha mpira wa tyubu kuukuu kilishindiliwa kati ya vyuma bapa na kibanio chake, kwa sababu mlio ukinyamaza kwa mpira, mahali pake pamejulikana. Haukunyamaza. Ndipo mzee alipochukua chokaa, akachora mstari mmoja ulionyooka, kuanzia ubavuni mwa springi kupita kwenye kikalio cha ekseli. Gari likashushwa chini, dereva akalisogeza mbele hatua chache na kukanyaga breki kwa ghafula.

Mstari ulikuwa umekatika. Nusu ya juu na nusu ya chini zilikuwa zimeachana kwa upana wa kijiti cha kiberiti.

Walipofungua, walikuta nati za bolti za U zageuka kwa nguvu ndogo ya mkono, na kichwa cha bolti ya katikati kimekatwa kama kwa patasi. Tundu lake, ambalo hapo awali lilikuwa duara, lilikuwa limerefuka. Sasa dereva akakumbuka. Miezi kadhaa nyuma, katika gereji nyingine, springi ya kulia ilikuwa imeongezwa chuma bapa kimoja ili gari libebe mikungu ya matoke kutoka Masaka. Bolti za zamani zilirudishwa zilivyokuwa, na hakuna aliyezikaza tena baada ya gari kutembea.

Ekseli iliyofunguka hivyo upande mmoja inaweza kuteleza, magurudumu ya nyuma yakaelekea kusiko na usukani, na bomba la breki likavutwa hadi kukatika. Askari aliye nyuma ya gari kama hilo huweza kulitambua kabla ya mwenyewe kujua, kwa kuwa huenda mshazari, magurudumu ya nyuma yasifuate njia ya yale ya mbele. Gari hilo lilikuwa likipita na watu 14 kila siku.

Zilinunuliwa bolti za U nne mpya, mbili kila upande, na bolti mpya ya katikati. Gharama yake ilikuwa chini ya ile ya shokapu. Zilikazwa kidogo kidogo kwa kupokezana, pembe hii na pembe ile, na ukazaji wa mwisho ukafanywa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Kulizuka ubishi juu ya kile chuma cha nyongeza. Dereva alitaka kibaki, kwani matoke ndiyo faida yake. Mzee akasema springi mbili za gari moja hazibebi urefu tofauti, akakitoa. Mzee alikuwa na haki, ingawa tajiri hakupunguza hata senti katika hesabu ya jioni.

Siku ya pili gari lilirudi njiani na abiria wake. Liliwapita wachonga ngoma, likapita Buwama, na baada ya zaidi ya kilomita 70 likafika Kayabwe, ambako mstari wa Ikweta hukata barabara na wageni hupiga picha ndani ya duara kubwa jeupe la saruji. Kutoka hapo nchi hushuka. Ni bonde la mto Katonga na kinamasi cha Lwera, barabara imenyooka katikati ya mafunjo na maji, na madereva hushawishika kwenda kasi. Mwezi wa Mei 2023 maji yaliliharibu daraja la Katonga, magari yakalazimika kuzunguka kupitia Mpigi, Kanoni, Sembabule na Villa Maria. Si mahali pa kuachwa na ekseli.

Lukaya ipo mwisho wa kinamasi hicho. Wazee wanaukumbuka mji huo kwa mapigano ya Machi 1979, kati ya jeshi la Tanzania na majeshi ya Idi Amin yaliyosaidiwa na Walibya. Msafiri wa leo anaujua kwa nyama na kuku wa kuchoma, na gonja la moto, ambavyo wachuuzi huvipeleka mbio hadi madirishani. Dereva alisimamisha gari, akatoa spana aliyoazimwa na mzee, na kuingia uvunguni, huku abiria wakiuliza kumetokea nini. Alikuwa ameagizwa azijaribu nati zote zikiwa zimekwisha kutembea. Saba hazikutikisika. Ya nane ilikubali robo ya mzunguko. Akajifuta mikono kwa gazeti, akalipia gonja la bibi mmoja wa kiti cha nyuma aliyekuwa akinung'unika kwa kucheleweshwa, na gari likaondoka kuelekea Masaka.