MZEE OJWANG' NA LAFUDHI YA JIRANI

Unamkumbuka Mzee Ojwang'? Kama ulizaliwa baada ya mwaka 2000 huenda hujui hata namzungumzia nani, na sikulaumu. Zamani kabla ya hizi simu zenu kulikuwa na Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha televisheni ya taifa, tangu miaka ya 1980 stesheni ikiitwa bado Sauti ya Kenya, kabla haijawa KBC mwaka 1989. Nyumba moja ikiwa na televisheni, majirani wote walijua njia ya kufika pale.

Ojwang' Hatari alikuwa mzee wa Kijaluo: kofia, koti, majivuno, na Kiswahili ambacho shamba huwa "samba". Sasa sikia. Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu. Mkewe wa kwenye kipindi, Mama Kayai, ni Mary Khavere, na wewe mtu wa Magharibi jina hilo unajua linatoka upande gani!

Miaka nenda rudi Mkikuyu akaongea kama Mjaluo mbele ya nchi nzima. Mwanzoni mwa 2008 watu walikuwa wakifukuzwa makwao kwa sababu ya kabila, lakini lafudhi ya Ojwang' haikuwa dharau. Kwa nini? Mimi naona ni hivi: hukumcheka kwa sababu ni Mjaluo. Ulimcheka kwa sababu ni mume mkali nje na mwoga kwa mkewe, na mume huyo yuko kila boma, hata hapa Matayos (wazee, msininunie). Lafudhi ilikuwa nguo tu, na aliivaa kwa heshima.

Uzeeni macho yalimsumbua, Wakenya wakamchangia pesa za matibabu. Alifariki Julai 2015.

Vijana wangu, igizo lenu la kesha nimelisoma na limenichekesha. Lakini mbona mwizi anaongea Kiteso-Teso, na mlevi anaongea kama mtu wa ng'ambo ya mpaka? Mama zetu wanaotoka Malaba hukaa viti vya mbele, na wengine huvuka kutoka Uganda kuja kuabudu nasi. Mwizi mpeni lafudhi yetu sisi Wakhayo, aseme "papa" badala ya "baba". Mteso mpeni nafasi ya yule mzee bahili, ndiye mwenye maneno matamu kuliko wote. Njooni Alhamisi baada ya maombi tulipitie pamoja. Chai ipo.