Jinsi Njia za Mizabibu Zilivyopata Utulivu

Anayeendesha baiskeli leo kutoka Beaune kuelekea Santenay, huko Bourgogne, hupita Pommard, Volnay, Meursault na Puligny-Montrachet kwa njia nyembamba za zege na lami zinazokatiza katikati ya mizabibu. Akikutana na gari, aghalabu ni la mkulima. Kinachosikika ni mnyororo, upepo, na mara mojamoja trekta lile la miguu mirefu, lililoundwa kupita juu ya mistari ya mizabibu iliyoachana mita moja tu. Wengi wanaosimulia safari hii huuzungumzia utulivu wake kana kwamba ni mali ya ardhi yenyewe. Nikikumbuka mambo yalivyokwenda, siwezi kukubaliana nao. Utulivu huu umetengenezwa, tena kwa awamu, na wengi waliouchangia hawakuwa wakifikiria baiskeli hata kidogo. Ni vyema hilo lisemwe waziwazi, kwa sababu watu wakishaamini kwamba kitu kimekuwapo tangu zamani za kale, hawakitengei fedha wala hawajiandai kukitetea.

Tuanze na barabara. Mwaka 1836 Ufaransa ilipitisha sheria iliyozilazimu jumuiya za vijiji kuzitunza njia zinazounganisha kijiji na kijiji, wakazi wakichangia fedha au siku za kazi. Shabaha ilikuwa mkokoteni ufike sokoni bila kuzama matopeni. Matokeo yake ni kwamba karibu kila kijiji kina njia zaidi ya moja ya kufikia kijiji jirani, na zile zisizo za mkato hazina msafiri wa mbali wa kuzipita. Katika ramani za Michelin barabara kuu zimechorwa kwa rangi nyekundu, zinazofuata kwa manjano, na hizi ndogo zimeachwa nyeupe. Kabla njia za baiskeli hazijatengwa, aliyetaka amani alikaa mezani na ramani, akaunganisha vipande vyeupe kimoja baada ya kingine. Ulikuwa ujuzi wa kweli na nauheshimu mpaka leo. Lakini ulikuwa na ukomo wake. Nyeupe ilifika mahali ikakatika mbele ya nyekundu, na hapo mwenye baiskeli aliingia kati ya malori, apende asipende.

Nyekundu hizo nazo hazikuwa za mchezo. N74 ilishuka kutoka Dijon kupitia Nuits-Saint-Georges na Beaune, ikiambaa chini ya mashamba yenye majina makubwa kuliko yote ya Bourgogne. N6 ilipita Chalon na Mâcon ikiwabeba watu wa Paris kuelekea kusini. Zama hizo hata utalii wa mvinyo ulipangwa kwa kumfikiria mwenye gari. Alsace ilipozindua Barabara ya Mvinyo mwaka 1953, vijiji kama Bennwihr na Sigolsheim vilikuwa vimevunjwavunjwa na mapigano ya mwisho wa vita na vilihitaji wateja. Mteja mwenye fedha alikuja na gari. Siwezi kuwalaumu. Hata hivyo, kwa muda mrefu baada ya hapo, kutembelea mizabibu kulimaanisha kuitazama kupitia kioo, kusimama uani kwa mtengeneza mvinyo, kupakia makasha na kuondoka.

Halafu ikaja A6. Barabara hii ya mwendo kasi ilipokamilika kati ya Paris na Lyon mwaka 1970, iliwachukua wasafiri wa mbali ambao awali walipita katikati ya miji na vijiji. Baadaye N74 ilikabidhiwa kwa mkoa na kuitwa D974. Kwa hiyo sehemu ya utulivu tunaousifu ilitokana na mradi mkubwa kabisa wa magari, na bado kuna bei inayolipwa: A6 inapita ubavuni mwa Beaune, na wakazi wa upande huo wanaishi na ngurumo yake. Utulivu wa mteremko umepatikana kwa kuihamishia kelele bondeni. Hili nalitaja kwa sababu kuna waandishi wanaoipamba Bourgogne kana kwamba haina upande huo.

Jambo la tatu lilikuwa kufa kwa reli ndogo. Mwishoni mwa karne ya 19 Ufaransa ilijenga reli hadi vijijini, na mapipa ya mvinyo yalisafiri kwa treni. Lori na basi vilipozishinda, stesheni zilifungwa, vyuma vikang'olewa, na vichaka vikaota kwenye tuta. Lakini tuta lilibaki. Mwaka 1997, kati ya Givry na Cluny, kilometa 44 za tuta la namna hiyo ziliwekwa lami na kufunguliwa kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli, na hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa njia ya kijani ya kwanza ya Ufaransa. Aliyeipita anajua inavyokwenda na miguu. Treni haiwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo wahandisi wa kale walikata vilima na kujaza mabonde ili mwinuko usizidi asilimia chache. Unapita Buxy na Saint-Gengoux-le-National, mizabibu ikiwa mteremkoni, na pedali hazibadiliki uzito kwa dakika nyingi mfululizo. Stesheni zinajitokeza kwa umbali ule ule uliopangiwa treni ya mvuke. Kusini mwa Cluny njia inaingia katika handaki la Bois Clair, lenye urefu wa takriban kilometa 1.6, ambamo baridi hukupokea mlangoni hata jua likiwa kali nje.

Karibu na Bordeaux reli nyingine ya zamani ilipata maisha kama hayo. Inapita Entre-Deux-Mers hadi Sauveterre-de-Guyenne, na imepewa jina la Roger Lapébie, mshindi wa Tour de France ya mwaka 1937. Kisha serikali ikaingia kwa uzito wake: mwaka 1998 ulipitishwa mpango wa taifa wa mtandao wa njia hizi, na mwaka 2004 amri ya serikali ikaiingiza njia ya kijani katika kanuni za barabarani, kama njia ya watembea kwa miguu, wapanda farasi na vyombo visivyo na injini. Kabla ya hapo, gari kutopita kulikuwa ni hisani ya meya. Tangu hapo kuna kifungu cha kumwonyesha dereva.

Wapo wanaosema kwamba kusifu njia hizi ni kusherehekea msiba, kwamba reli ilipaswa kurudishwa. Hoja hii ina uzito na siipuuzi. Kwa mkazi wa Cluny asiye na gari, treni ingefaa zaidi ya lami yoyote ya baiskeli. Lakini sehemu kubwa ya reli zilizofungwa na kutelekezwa ziliuzwa vipande vipande: hapa bustani, pale ghala, kule barabara ya mchepuko. Palipojengwa njia ya kijani, ukanda umebaki mzima na umebaki mali ya umma. Mwenye ndoto ya kurudisha treni ana nafasi kubwa zaidi mahali ambapo ukanda umelindwa na baiskeli kuliko pale ambapo umemezwa na nyumba.

Waendesha baiskeli wenye kasi nao wana lao. Kwao njia ya kijani imejaa watoto na mbwa, na barabara nyeupe zinatosha, hasa kwa vile sheria inamtaka dereva aache mita 1.5 anapompita mwenye baiskeli nje ya mji. Kwa mtu mwenye miguu imara wanachosema ni kweli. Mimi mwenyewe nazipenda nyeupe zaidi. Ila kipimo cha utulivu hakiwezi kuwa mtu anayeweza kuuvumilia ukosefu wake. Mtoto wa miaka tisa hana mita 1.5 za kuaminia. Akiyumba kidogo zinakwisha. Bibi wa miaka sabini aliyeacha baiskeli alipoanza kuogopa malori amepanda tena kwa sababu ya Givry na Cluny, si kwa sababu ya sheria ya kumpita kwa uangalifu.

Pingamizi ninalolipa nafasi kubwa kuliko yote ni la wakulima. Njia ya Beaune hadi Santenay ni mahali pa kazi. Zege lile liliwekwa ili trekta lipite na maji ya mvua yasiburute udongo wa thamani hadi chini. Kuna siku za kupulizia dawa, ambazo hakuna mgeni anayepaswa kuwa karibu, na kuna Septemba, ambapo zabibu zilizokatwa haziwezi kusubiri kundi la watu lipige picha. Tangu mashamba hayo yaingie katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2015, wageni wamekuwa na sababu nyingine ya kuja. Nadhani jibu la haki ni kukubali kwamba mwenye haki ya kwanza pale ni trekta. Baiskeli isimame ukingoni, na palipo na kazi ya hatari njia ifungwe bila malalamiko. Linawezekana, kwa sababu limeshafanyika kwa viumbe wasioweza hata kujitetea: handaki la Bois Clair hufungwa majira ya baridi kwa ajili ya popo, na waendesha baiskeli huelekezwa kupanda mlima kwa njia ya juu. Wanapanda, na njia haijafa kwa hilo.

Tishio linaloniumiza kichwa zaidi liko kwingine. Wengi hufika kwenye utulivu huu wakiwa na baiskeli nyuma ya gari. Mafanikio ya njia yanaleta maegesho, na maegesho yanawapelekea wanakijiji wa pembeni kelele ile ile iliyoondolewa katikati ya mizabibu. Kwa hiyo fedha za awamu hii nisingeziweka kwenye kilometa mpya za lami. Reli ya Dijon hadi Mâcon bado inafanya kazi, nayo ina stesheni Nuits-Saint-Georges, Beaune na Chagny. Ningeziweka kwenye mabehewa yenye nafasi ya kutosha ya baiskeli, kwenye ngazi za stesheni ambazo mzee hawezi kupanda na baiskeli begani, na kwenye vivuko salama kila mahali njia ndogo inapokata barabara kubwa.