Kidani chenye Nyuso Mbili

Mgeni aingiaye Johari Bazaar, soko la vito la mji wa Jaipur, husikia nyundo ndogo kabla hajawaona wazipigao. Mji huu wa jimbo la Rajasthan, India, ulijengwa mwaka 1727 na Mfalme Sawai Jai Singh wa Pili, nazo kuta zake zimepakwa rangi ya waridi. Fundi wa dhahabu huitwa huko sonar. Ndiye sonara wetu wa Unguja na Dar es Salaam. Jina lilivuka bahari pamoja na wenyewe.

Mfuko wangu ulikuwa mwepesi na ahadi yangu nzito: kidani cha harusi ya mdogo wangu.

Kidani cha Jaipur kina nyuso mbili. Mbele hupangwa vito. Nyuma, upande ulalao kifuani, hutiwa enameli ya maua mekundu na majani ya kijani. Mwenyewe aweza kukigeuza, akawa na mapambo mawili kwa moja. Na enameli, ndugu msomaji, si rangi ya kupaka. Ni kioo kilichosagwa, jamaa yake ule utando wa mabakuli na birika zetu za jikoni. Fundi huchonga vijishimo katika dhahabu, huvijaza unga wa kioo, kisha huchoma kwa moto wa nyuzi 800 hivi za Sentigredi, rangi baada ya rangi. Istahimiliyo moto zaidi hutangulia. Nyekundu huja mwisho. Bei yake sikuithubutu.

Katika kichochoro cha nyuma nilimkuta mama mmoja na binti yake wakifanya kazi bila tanuri. Vipande vyao vilikuwa vya shaba ya manjano. Walichanganya epoksi, ule utomvu wa kiwandani, na dawa yake ya kuugandisha, wakatia unga wa rangi na kukoroga polepole usije ukaingia hewa. Binti alidondosha rangi kwa ncha ya sindano, tundu baada ya tundu, akitoboa kila kipovu kilichojitokeza. Kazi ilifunikwa vumbi lisiingie, ikaachwa hadi kesho. Ndipo upande wa pili ulipoanza. Juu waliweka kipete cha kupitishia mkufu, na kulabu ya kukining'iniza katika nywele, juu ya paji la uso.

"Didi," aliniambia mama yule, yaani dada, "hii haijaguswa na moto. Kioo hakikwaruziki kwa sindano, hii hukwaruzika."

Jioni, katika duka moja la barabarani, niliwekewa kidani mfano wa kile, nikaapiwa kuwa ni enameli ya moto, kwa bei ambayo ingemaliza nauli yangu. Niliomba sindano. Muuzaji alikitazama kidole changu, akakirudisha kidani sandukuni, akaanza kuzungumzia hali ya hewa.

Asubuhi nilirudi kichochoroni. Binti akaniulizia rangi za harusi, nikachagua buluu upande mmoja na nyekundu upande mwingine.

Mdogo wangu alikivaa shingoni siku ya harusi, buluu ikiwa mbele. Siku ya saba alikigeuza na kukitundika pajini, mawifi zake wakauliza amepata wapi cha pili. Nimemwonya asikianike juani, na manukato ayatie kwanza, yakauke, ndipo avae.