Sambaza wa Idjwi na chandarua cha mtoto



Wiki hii tunawaletea habari za Idjwi, kile kisiwa kikubwa kilicho katikati ya ziwa Kivu. Tulikwenda huko watu wanne kutoka Bukavu, kuwatembelea wamama wenzetu wanaouza sambaza. Samaki huyo tunamjua sisi wote. Tunamnunua Kadutu, tunamkaanga, tunawapa watoto. Lakini wachache kati yetu wamekwisha kuona namna anavyovuliwa na anapitia mikono ya nani mpaka afike katika sahani.

Tulipanda mashua ya mbao asubuhi. Kila mmoja wetu alivaa jile ya kuelea kabla ya kukaa, na ninyi pia tunawaomba msisafiri bila jile, hata kama maji yametulia. Upande wa kushoto tuliona milima ya Kabare, kisha ya Kalehe. Upande wa kulia ni Rwanda, maana mpaka unapita ndani ya ziwa. Idjwi yenyewe ni vilima vya ndizi, mihogo, kahawa na mananasi, na mashamba yanateremka mpaka karibu na maji.

Ziwa letu liko juu sana, karibu mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, na mahali penye kina kirefu kabisa panafika karibu mita 485. Mtu akisikia hivyo anafikiri samaki wamejaa mpaka chini. Sivyo. Kule chini maji hayana hewa ya kumfaa samaki, na yana gesi nyingi, ile metani tunayoisikia kila mara. Samaki wanaishi juu tu, katika mita kama 60 za kwanza. Ziwa ni kubwa, lakini nyumba ya samaki ni ndogo.

Tena sambaza si mwenyeji wa hapa. Zamani sana maji ya bonde hili yalielekea kaskazini. Volkano za Virunga zikafunga njia, maji yakapanda, yakatafuta njia ya kusini, ndiyo Ruzizi ya leo. Ruzizi inashuka kwa nguvu mpaka Tanganyika, na samaki wa kule hawawezi kupanda maporomoko yake. Kwa hiyo katikati ya Kivu hapakuwa na samaki wa kula vile vidudu vidogo vinavyoelea majini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 watoto wa ndagala waliletwa kutoka Tanganyika na kutiwa huku. Walikuwa wa aina mbili. Aina moja haikushika, nyingine ikakaa na kuzaa sana. Ndiyo sambaza wetu, ndugu wa ndagala wanaoliwa Uvira na Kalemie. Alikuja kama mgeni, na leo analisha vijiji vyote vya pembeni ya ziwa.

Jioni tulikaa karibu na maji tukatazama ekipe za wavuvi zikiondoka. Kila ekipe ina mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti, na miti mingine mirefu inatokeza mbele na nyuma ili kubeba wavu. Wanapiga kasia wakiimba: mmoja anaanzisha, wengine wanaitika, na wimbo unafanya mikono yote isukume mara moja. Wakifika mbali wanashusha wavu chini ya maji na kuwasha taa juu yake. Vidudu vinafuata mwangaza, sambaza wanafuata vidudu. Wakijaa, wavu unavutwa juu kutoka pande zote kwa pamoja. Siku za mwezi mpevu mavuno yanapungua, kwa sababu mwangaza uko kila mahali na taa haiwezi kuwakusanya. Siku hizo mama muuzaji anajua mapema kwamba feza itakuwa kidogo nyumbani.

Kabla jua halijatoka wamama walikuwa wamekwisha kupanga mabeseni yao. Mitumbwi ilipofika, bei ilisemwa pale pale, kwa sauti kubwa na kwa haraka, maana samaki huyu hangoji. Waliopata beseni walikwenda kuanika au kutafuta mashua ya Bukavu.

Lakini pale pale, hatua chache tu, tuliona jambo lingine. Vijana wawili walikuwa wanavuta chandarua, ile mosikitere ya kitandani, katika maji yanayofika magotini. Ndani yake kulikuwa na samaki wembamba kama sindano. Mzee mmoja mvuvi alitueleza: sambaza mkubwa anakaa mbali, katikati, lakini anakuja pembeni kutaga mayai, na watoto wake wanakua hapa kabla ya kwenda mbali. "Wale vijana wanakula mbegu," alisema. "Mimi usiku nitakwenda kutafuta samaki ambao wao wamekwisha kuwamaliza asubuhi."

Na chandarua kile kilitoka wapi? Kilitoka juu ya kitanda. Samaki anaondoka ziwani, na usiku mbu anamkuta mtoto amelala wazi. Malaria ikiingia, feza yote ya samaki inakwenda kwa dawa, na mama anaacha soko ili akae na mgonjwa.

Tulizungumza hayo na wamama waliokuwa pale. Mmoja, aliyekuwa na bakuli la wale wadogo mkononi, alitujibu bila hasira: "Wamama, mnasema vizuri. Lakini nina watoto watano na feza ni hii tu. Sambaza wakubwa wanauzwa kwa beseni, na beseni siliwezi. Hawa wadogo wananipa kwa bakuli. Leo jioni nipike nini?"

Tulinyamaza. Neno lake lilikuwa la kweli. Hakukosa akili wala huruma kwa ziwa; alikosa bei ya beseni. Kumkataza tu hakumpi chakula cha jioni.

Jibu lilitoka kwa wenzake wa pale, si kwetu sisi wageni. Wanane kati yao wana likelemba. Kila mmoja anatoa kidogo, wananunua beseni moja la sambaza wakubwa, kisha wanagawa kwa bakuli, sawa kwa sawa. Anayetaka kula anakula, anayetaka kuuza anauza. Walimwita awe wa tisa. Alifikiri, akauliza itakuwaje siku akikosa mchango. Wakamwambia: wenzako watakubeba siku moja, nawe utawabeba siku nyingine. Alikubali kujaribu wiki moja.

Hilo ndilo tulilobeba kurudi nalo Bukavu, pamoja na beseni letu. Sisi ndio wanunuzi. Kama hakuna mama wa kununua samaki wa sindano, hakuna kijana atakayepoteza asubuhi yake kuwavuta. Kwa hiyo tunawaomba mambo haya.

Sokoni, angalieni urefu. Sambaza wa kununua awe kama kidole cha mtu mzima. Kama bei inawashinda, mjiunge wawili, watatu, mnunue pamoja kama wale wa Idjwi.

Nyumbani, msitupe kichwa wala mifupa. Sambaza analiwa mzima, na mifupa yake midogo inajenga mifupa na meno ya mtoto. Mkitaka kuwaweka, mwaanike juu ya kichanja, mbali na udongo, mpaka wakauke kabisa. Kwa mtoto aliyeanza kula, twangeni waliokauka, chekecheni, tieni kijiko kimoja katika uji wake. Kwa jamaa nzima, kaangeni kwa mafuta ya moto na chumvi, wekeni ndimu na pilipili, mle na bugali na sombe.

Na chandarua kibaki kitandani. Kikichanika, shoneni. Msikitumie kufunika samaki wanaokauka, kwa sababu kimetiwa dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo si ya chakula.

Kikundi kitakachojaribu kununua beseni pamoja kituletee habari: mlikuwa wangapi, mlitoa ngapi, kila mmoja alipata bakuli ngapi. Tutaziandika hapa ili wengine nao wajue pa kuanzia.